Kuendesha Gari Kali la Mseto kwa Mara ya Kwanza: Mwongozo wa Raundi Zako za Mwanzo

Mbona nimebonyeza kitufe cha kuwasha na gari liko kimya? Nikikanyaga mafuta mpaka chini, litanishinda? Mbona raundi ya kwanza lilichomoka vizuri na raundi ya tatu likawa zito? Mbona kanyagio la breki halina hisia niliyoizoea?

Maswali haya hayaishi. Yanaulizwa na kila mtu anayepata nafasi ya kukaa nyuma ya usukani wa Porsche 918 Spyder, McLaren P1, LaFerrari, Ferrari SF90, Lamborghini Revuelto, Mercedes-AMG One au ndugu zao, yaani magari ya kasi yenye injini ya petroli na mota za umeme kwa pamoja. Nimeyakusanya hapa pamoja na majibu yake, kwa mpangilio wa siku yenyewe itakavyokwenda.

Nachukulia kwamba una vitu vitatu: gari, uwanja wa mbio uliofungwa, na mwalimu kwenye kiti cha pembeni. Ukikosa kimojawapo, ahirisha. Barabara ya kawaida haina nafasi ya kukufundisha gari la namna hii. Utafika mwendo wa kufungwa jela kabla hujamaliza gia ya pili.

Na kuna jambo moja ulishike tangu sasa. Kasi ndiyo sehemu rahisi, kwa sababu gari lenyewe linaileta. Kazi yako wewe ni joto na chaji. Gari lilelile, kwenye kona ileile, litafanya mambo mawili tofauti kabisa kulingana na joto la matairi na kiasi cha umeme kilichobaki kwenye betri. Anayelijua hili hutulia. Asiyelijua hudhani gari limeharibika.

Nadharia kidogo tu

Injini ya petroli huhitaji kupanda mizunguko kabla ya kutoa nguvu zake zote, na yenye tabo (turbo, feni inayosukuma hewa zaidi ndani ya injini) husubiri kidogo hadi tabo ijae. Mota ya umeme haisubiri chochote: nguvu yake ya kusukuma ipo tangu tairi likiwa halijazunguka. Wahandisi huziunganisha ili umeme uzibe pengo la injini.

Magari haya yana koo mbili, na ni lazima ujue lako ni la ukoo gani. Yapo yenye mota za umeme mbele, kwa hiyo tairi zote nne zinavuta: 918, SF90, Revuelto na AMG One. Na yapo ambayo nguvu zote, za petroli na za umeme, zinaishia kwenye tairi mbili za nyuma: P1 yenye nguvu za farasi 916 na LaFerrari yenye nguvu za farasi 963. Ukoo wa pili haukusamehe upesi unapotoka kwenye kona. Tutarudi hapo.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Kitabu cha maelekezo cha gari hilo hilo. Soma sura za modi (mipangilio ya uendeshaji, kama wa upole au wa kasi), breki na betri usiku uliotangulia. Majina ya modi hayafanani kati ya gari na gari.
- Helmeti inayokukaa vizuri, na viatu vyembamba vyenye soli nyembamba. Viatu vinene vinaficha kile ambacho kanyagio linakuambia.
- Kinga ya masikio kama gari linaihitaji. Aston Martin Valkyrie, ambayo injini yake ya silinda 12 hufika mizunguko 11,100 kwa dakika, ina kelele kiasi kwamba dereva na abiria huvaa vipokea sauti ili waweze kusikilizana.
- Kipimo cha upepo wa tairi. Pima matairi yakiwa baridi, kisha upime tena yakiwa yamepata moto.
- Barua ya bima inayosema wazi kwamba uwanja wa mbio umo. Bima nyingi za kawaida zinautoa. Usikubali jibu la mdomo.
- Betri iliyochajiwa, tangi lililojaa, na wewe mwenyewe uwe umelala na umekunywa maji ya kutosha.

Hatua kwa hatua

1. Kaa ipasavyo. Kwenye baadhi ya magari haya kiti hakisogei. LaFerrari ni mfano: kiti kimejengwa ndani ya bodi, na kinachosogea ni kanyagio na usukani. Lengo ni lile lile: ukikanyaga breki kwa nguvu zako zote, goti libaki limekunjwa kidogo na mgongo usiache kiti. Mikono iwe pande mbili za usukani, kushoto na kulia, na vifundo vya mikono viweze kulala juu ya usukani bila bega kuinuka. Funga mkanda wa nyonga kwanza, ubane, ndipo ufuate wa mabega.

Usiharakishe hapa. Dereva aliyekaa vibaya hujishikilia kwenye usukani, na anayejishikilia kwenye usukani hawezi kusikia tairi zinasema nini.

2. Jua vitufe gari likiwa limesimama. Tafuta kwa vidole, bila kuangalia: kibadilisha modi, vijiti vya gia nyuma ya usukani, kitufe cha kuinua pua ya gari, na namna ya kurudi nyuma. P1 ina vitufe viwili vya ziada kwenye usukani, kimoja cha kuongeza umeme (IPAS) na kingine cha kulaza bawa la nyuma (DRS). Kwenye 918 kuna kitufe chekundu katikati ya kibadilisha modi. Usikiguse leo asubuhi.

3. Washa, na usishangae kimya. Bonyeza breki, bonyeza kitufe, kisha tazama dashibodi. Ukiona alama ya kwamba gari liko tayari, basi liko tayari hata kama hakuna muungurumo. Mengi huamka kwa umeme. AMG One huondoka kimya huku likipasha moto mfumo wake wa kusafisha moshi, ndipo injini iwake. SF90 na Revuelto hazina hata gia ya nyuma ya kawaida. Hurudi nyuma kwa mota za umeme za mbele.

Tahadhari: gari lililo kimya lina uwezo kamili wa kusogea. Watu walio karibu hawalisikii. Usiguse mafuta "kujaribu kama limewaka". Kosa hili hufanyika kwenye maegesho, kabla ya uwanja hata kuonekana.

4. Toka kwa modi ya upole, kisha pasha injini. Inua pua ya gari kwenye kila tuta na kila mteremko wa kuingilia uwanjani.

Hapa kuna mtego ambao wazoefu wa magari ya petroli huuingia. Ukitembea kwa umeme kwa dakika kumi, unajisikia umeshapasha gari. Hujapasha kitu. Mafuta ya injini bado ni baridi, na ukikanyaga hadi chini, injini itaamshwa toka usingizini na kutakiwa itoe nguvu zake zote papo hapo. Kwa hiyo, kabla ya kuingia uwanjani, chagua modi inayolazimisha injini iendelee kufanya kazi, kwa mfano Sport Hybrid kwenye 918 au Performance kwenye SF90. Endesha taratibu hadi joto la mafuta ya injini lifike kiwango kinachotajwa kwenye kitabu. Tazama joto la mafuta, siyo la maji peke yake. Maji hupata moto mapema zaidi.

5. Raundi ya kwanza ni ya joto. Matairi ya magari haya, kama Michelin Pilot Sport Cup 2, yametengenezwa yashike yakiwa ya moto. Yakiwa baridi huteleza, na kwenye maji huteleza vibaya zaidi. Breki za kaboni na kauri nazo hutaka joto ndipo zijibu sawasawa.

Usiyumbishe gari kushoto na kulia kama unavyoona kwenye mashindano. Kwa anayeanza, njia bora ni kuongeza mwendo kiasi kwenye sehemu iliyonyooka, kukanyaga breki kwa uthabiti huku usukani ukiwa wima, na kurudia. Joto la breki huingia kwenye rimu na kuishia kwenye tairi. Ongeza kidogo kila kona. Utajua matairi yameamka pale usukani utakapokuwa mzito zaidi mkononi na pua ya gari itakapoitikia mara tu unapogeuza.

6. Jifunze breki kabla ya mafuta. Hatua hii ndiyo ninayotaka uipe muda mrefu kuliko zote. Wanaoanza huja na hamu ya kukanyaga mafuta, na mimi naielewa hamu hiyo. Lakini gari hili litakufikisha mwisho wa sehemu iliyonyooka ukiwa na mwendo ambao hujawahi kuupunguza maishani mwako.

Fikiria hesabu hii. Kwenye kilomita 250 kwa saa unapita karibu mita 69 kila sekunde. Kwenye 300 unapita mita 83. Na nishati ambayo breki inatakiwa kuimeza hukua kwa mraba wa mwendo, kwa hiyo kilomita 300 kwa saa si mara mbili ya 150 bali mara nne. Ongeza uzito: betri na mota si vitu vyepesi, na 918 inazidi kilo 1,600 kabla hujaingia.

Kwenye mengi ya magari haya, ukigusa breki kidogo, mota za umeme ndizo zinazopunguza mwendo na kurudisha chaji kwenye betri. Ukikanyaga zaidi, breki zenyewe huingia kazini. Kompyuta huzichanganya. Mchanganyiko huo huonekana zaidi mguuni katika sehemu ya mwanzo ya kanyagio, na betri ikiwa imejaa umeme hauna pa kwenda, hivyo breki za kawaida hubeba kazi yote. P1 ni tofauti. Watengenezaji wake waliamua kutochukua umeme kutoka kwenye breki ili mguu wa dereva usichanganyikiwe, na chaji yake hutoka kwa injini.

Fanya hivi: chagua kona moja yenye sehemu ndefu iliyonyooka mbele yake. Weka alama ya breki mbali, mapema kuliko unavyodhani inahitajika. Kanyaga kwa nguvu mwanzoni, kisha achia taratibu unapokaribia kugeuza. Rudia kwenye alama ile ile hadi mguu uzoee. Ndipo usogeze alama mbele, kidogo kidogo.

Kosa la kawaida: kukanyaga breki kwa woga, nusu nusu, kwa muda mrefu. Hilo hupasha breki moto bila kukusimamisha.

7. Sasa kanyaga mafuta, usukani ukiwa umenyooka. Toka kwenye kona ya polepole, nyoosha usukani kabisa, kisha shusha mguu ndani ya sekunde nzima badala ya kuupiga chini. Raundi zinazofuata unaweza kuushusha haraka zaidi.

Hiki ndicho kitakachotokea. Umeme hufika kwanza. Hakuna maandalizi, hakuna mlio unaokuonya, mgongo unabanwa na kiti na tumbo linabaki nyuma. Kisha injini inaupokea msukumo huo na kuuendeleza juu, gia zinabadilika bila mpumuo kati yake, na kile ulichozoea kwenye gari la petroli, yaani kusubiri, kujaa, kisha kulipuka, hakipo. 918 hufika kilomita 100 kwa saa kwa sekunde 2.6. Tarakimu hiyo haielezi kwamba ukifika 100 msukumo hauishi. Kwenye 150 bado unaongezeka mwendo kwa nguvu ambazo gari la kawaida huzipata kwenye gia ya kwanza tu.

Wengi hupatwa na jambo moja: macho yanachelewa. Unatazama mahali ulipo, na mahali hapo pameshapita. Dawa yake ni kutazama mbali. Ukiwa katikati ya sehemu iliyonyooka, macho yawe tayari kwenye alama ya breki. Ukifika kwenye breki, macho yawe kwenye kona. Mwalimu atakuambia "tazama mbele" mara nyingi sana. Msikilize kila mara.

8. Kona: kumbuka ukoo wa gari lako. Kwenye gari lenye mota mbele, ukianza kuongeza mafuta kabla ya kumaliza kona utasikia pua inavutwa kuelekea ndani. Ni hisia nzuri mno, na ni ya ajabu mara ya kwanza, kwa sababu akili inangoja pua isukumwe nje. Usiitegemee kupita kiasi: matairi ya mbele yana kiasi chao cha mshiko, na ukikimaliza kwa kugeuza, hakibaki cha kuvuta.

Kwenye P1 na LaFerrari, subiri. Nyoosha usukani zaidi kabla ya kuongeza mafuta, na ukiongeza, ongeza kwa kadiri unavyonyoosha.

Kwa koo zote mbili, mambo mawili ni marufuku. Usiachie mafuta ghafla katikati ya kona ya kasi. Uzito utahamia mbele na nyuma itakimbia. Na usizime mfumo wa kuzuia tairi kuteleza. Kwenye magari haya mfumo huo husaidia kudhibiti nguvu zinazofika kwenye tairi. Kuuzima si ushujaa.

9. Tumia chaji kwa akili. Hili ndilo jibu la swali la raundi ya tatu.

Betri za magari haya ni ndogo kwa makusudi, maana kila kilo ni adui. Ile ya 918 ni ya kilowati-saa 6.8. Mota zake mbili kwa pamoja hutoa takriban kilowati 210. Gawanya: hata kama ungeweza kuinyonya betri mpaka tone la mwisho, nguvu kamili ya umeme isingedumu dakika mbili. Breki na injini hurudisha sehemu, lakini ukitumia ovyo, utafika kwenye sehemu ndefu iliyonyooka ukiwa na injini peke yake.

Kwa hiyo chagua kati ya modi za namna mbili. Ya kwanza hulinda chaji na kukupa nguvu zinazofanana raundi baada ya raundi. Kwenye SF90 ni Performance. Ya pili huitoa betri yote kwa raundi chache za haraka. Kwenye SF90 ni Qualify, na kwenye 918 ndiyo kazi ya kile kitufe chekundu. Siku yako ya kwanza iishi kwenye ile ya kwanza. Mwishoni, ukiwa umezoea, matairi yako sawa na betri imejaa, omba ruhusa ya mwalimu na uchukue raundi moja ya ile ya pili. Utaielewa Porsche 918 iliyozunguka Nürburgring, uwanja wa mbio wa Ujerumani, kwa dakika 6 na sekunde 57 mwaka 2013.

Kama gari linakuachia wewe uamue lini umeme utoke, utoe mwanzoni mwa sehemu iliyonyooka, mara tu usukani unaponyooka. Mwendo unaoupata mapema unautumia hadi mwisho. Ukiutoa mwishoni, nguvu nyingi huliwa na upinzani wa hewa, kisha unaitupa kwenye breki.

10. Poza gari kabla ya kusimama. Raundi ya mwisho iwe ya polepole, breki usiziguse isipokuwa lazima. Ukiegesha, usivute breki ya mkono wakati breki bado ni za moto. Weka kizuizi cha tairi. Feni zitaendelea kuvuma baada ya kuzima. Ziache. Pima upepo wa matairi sasa na uandike.

Mambo yakienda kombo

*Nguvu zimepungua, hakuna taa nyekundu.* Kwanza tazama chaji. Ikiwa ipo, tazama joto la betri: ikipata moto sana, kompyuta hupunguza umeme ili kuilinda. Zunguka raundi mbili za upole. Nguvu zikirudi, gari halina hitilafu.

*Kanyagio la breki linazama zaidi ya kawaida.* Toka uwanjani kwa raundi hiyo hiyo. Huenda mafuta ya breki yamechemka. Usiendelee mpaka fundi ayaangalie, hata kama baada ya kupoa kanyagio linarudi gumu.

*Breki zinalia au kusaga kwenye mwendo mdogo.* Kauri ikiwa baridi hulia. Ikilia ikiwa ya moto pia, simama gari likaguliwe.

*Nyuma inaanza kuteleza baada ya raundi nyingi nzuri.* Matairi yamezidi joto, na upepo umepanda. Pumzika, pima, punguza hadi kiwango cha moto kilichoandikwa kwenye kitabu.

*Onyo la mfumo wa umeme mkubwa, au moshi.* Simama mahali salama, zima, toka, kaa mbali, na uwaambie wasimamizi wa uwanja kwamba gari ni la mseto. Onyo likiwa ni la umeme, ruka nje kwa miguu miwili pamoja bila kugusa gari na ardhi kwa wakati mmoja, kama wanavyofundishwa madereva wa Formula 1. Usiguse nyaya za rangi ya chungwa. Betri ya lithiamu iliyoungua inaweza kuwaka tena baada ya kuonekana imezimika.

*Gari haliamki kabisa asubuhi, ingawa betri kubwa ina chaji.* Mara nyingi kosa ni la betri ndogo ya volti 12, ambayo ndiyo inayoamsha kompyuta na kufungua milango. Magari haya hukaa sana bila kutembea, na kompyuta zake huinyonya polepole. Liunganishe na chaja ya kudumisha kila linapoegeshwa kwa siku kadhaa, na ujue mapema tundu la chaja hiyo liko wapi, maana ikifa kabisa huenda usiweze kufungua mlango kwa njia ya kawaida.